Muulize Fundi wa Kinga: Njia za Msituni

Sanduku langu la spana limegeuka sanduku la posta. Tangu toleo lile nilipogusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba zamani nilikuwa naenda Kasenga kwa kinga kwa kupitia msituni, watu wananifuata hadi kibandani Katuba na vikaratasi. Nimechagua vitano. Kwa msomaji mgeni: nina miaka 61, ni fundi wa baiskeli, na kabla ya kushika spana nilisukuma makala miaka tisa, kisha samaki wakavu kutoka mto Luapula miaka minne. Kinga ndiyo baiskeli kwetu Lubumbashi. Na makala ninayosema ni yale meusi ya kupikia, si haya unayosoma.

*"Papa Fundi, jambo. Sisi ni vijana watano, wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Mwezi wa nane tunataka kutembea na kinga siku tatu ndani ya pori, mbali na malori. Tumeangalia ramani kwenye simu, ni kijani tupu, hakuna njia hata moja. Je, njia zipo? Na ruhusa tuombe kwa nani, maana tunasikia msitu wote ni wa Leta, yaani serikali?" — Watano wa Kasapa*

Jambo, wanangu. Kijani hicho si kitupu. Kina njia nyingi kuliko mitaa ya Katuba, ila hakuna aliyezichora kwa sababu hazikai mahali pamoja. Hilo mlielewe kwanza, la sivyo mtapotea hata mkiwa na simu tano.

Njia nzuri za kinga katika msitu wetu zimetengenezwa na watu wa makala. Mchomaji anajenga tanuru lake la udongo pale miti ilipo. Mbebaji anatafuta mstari mfupi kutoka tanuruni hadi barabarani, usio na mchanga, usio na mlima wa kumvunja mgongo. Kinga ya kwanza inalaza majani. Ya hamsini imekwisha chimba mfereji wa upana wa kiganja, mgumu kama sakafu ya saruji. Kwa mtu asiye na mzigo, hiyo ni lami. Lakini miti ya pale ikiisha tanuru linahama, na njia inahama nalo. Misimu miwili ya mvua inatosha majani kufunika kila kitu. Nilipoanza kazi hiyo nilikuwa nakuta tanuru la kwanza kabla jasho halijanitoka. Leo wabebaji wanaopita kibandani kwangu wanalala njiani usiku mmoja, wengine mbili. Ramani niliyo nayo kichwani ni ya msitu uliokwisha kwenda kuuzwa gunia kwa gunia sokoni.

Ndiyo maana siwachorei kitu. Nawapa swali. Mkifika kijiji cha mwisho kabla ya kuacha barabara ya Kasenga, msiulize "njia iko wapi?" Mtaonyeshwa barabara ya magari, tena kwa heshima zote, kwa sababu mnaonekana watu wa mjini. Ulizeni hivi: "Watu wa makala wanapita wapi mwaka huu?" Hapo hata mtoto wa miaka saba atawatangulia mbio.

Mkishaingia, angalieni pembeni mwa njia, si katikati. Vumbi jeusi na vipande vidogo vya makala vilivyodondoka magunia yalipotikisika, hizo ni alama kwamba njia bado inatumika. Njia safi mno, isiyo na chembe nyeusi hata moja, huenda kwenye shamba la mtu na kuishia hapo. Na kila baada ya mlima mtaona mti wenye jeraha kwenye gome, usawa wa kiuno, limesuguliwa mpaka linang'aa. Pale ndipo kinga zinapoegemezwa watu wapumue. Pumzikeni hapo hapo nanyi. Kivuli kimekwisha chaguliwa na wenye kazi.

Sasa adabu. Mbebaji ana magunia matatu, mawili yamesimama ubavuni na moja limelala juu ya kariya, kile kibebeo cha nyuma, na kwa hesabu ya mgongo wangu ni kama kilo mia na hamsini. Breki ya mkono haiwezi kitu mbele ya mzigo huo. Breki yake ni soli ya kiatu: anateremka akikandamiza tairi la nyuma kwa mguu, na akipita karibu unasikia harufu ya mpira ulioungua. Hawezi kusimama kwa ajili yako. Akisimama katikati ya mteremko mzigo unamwangukia, na kuuinua peke yake hawezi. Atakaa pale mpaka apite mtu. Kwa hiyo, mkisikia kengele au filimbi ya mdomo mbele yenu, shukeni, ingieni majanini, mshike kinga zenu mpaka apite. Mkimkuta anapanda, mmoja wenu aweke kinga chini akasukume kutoka nyuma hadi kileleni. Hakuna pesa itakayowanunulia habari za njia kama hiyo hatua mia moja ya kusukuma.

Wanaingia mjini alfajiri, wakikimbia jua na wakikimbia watu wa kodi. Msitoke nyumbani saa kumi usiku mkijiona wajanja, mtakutana nao wote gizani kwenye mteremko. Tokeni saa moja asubuhi.

Mwezi wa nane mmechagua vizuri. Baridi kali ya mwezi wa sita na wa saba imepungua, joto la mwezi wa kumi halijafika, na udongo umekauka. Msitu wetu ni wa miombo, si ule mzito wa kule Ikweta mnaouona kwenye picha. Miti imeachana, unaendesha ukiona mbele mita mia. Mwezi huo majani mengi yameanguka, na mtamlaumu mzee kwamba amewapeleka kwenye msitu uliokufa. Subirini. Mwishoni mwa mwezi wa nane na ule wa tisa wote, kabla hata ya tone moja la mvua, miti inatoa majani mapya, nayo hayaanzi kijani, yanaanza mekundu, rangi ya shaba iliyotoka tanuruni. Nimeiona kila mwaka tangu ujana wangu na bado nashuka kwenye kinga kuiangalia.

Vitu vitatu vya ardhi vitawaongoza. Cha kwanza ni kichuguu. Huku jimboni kwetu Haut-Katanga vichuguu si vile vya kupiga teke. Vingine vinafika mita nane kwenda juu, vina miti yake kichwani, na njia zote zinavizunguka. Hesabuni vichuguu vikubwa kama mnavyohesabu makutano ya mitaa. Karibu na mji vimekatwa nusu, kwa sababu udongo wake ndio tofali la nyumba zenu.

Cha pili ni dambo, lile bonde la majani lisilo na miti, maji yanapokusanyika wakati wa mvua. Kiangazi pembeni mwake ni raha: tambarare, ngumu, upepo usoni. Lakini msikate katikati kwa kuona ng'ambo ni karibu. Ukoko wa juu umekauka, chini bado ni tope jeusi, na nyufa zake zina upana kamili wa tairi la mbele. Zungukeni ukingoni, hata ikiwa ni nusu saa.

Cha tatu ni kilima kipara. Mtatoka msituni ghafla mkute mlima hauna mti hata mmoja, majani mafupi tu na maua. Si watu waliokata. Ni shaba. Udongo umejaa shaba kiasi kwamba mti hauwezi kuishi, na mimea michache tu inavumilia, mmoja ukiwa ule wataalamu wanaouita Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Wazee wetu wala-mashaba, waliokuwa wakiyeyusha misalaba ya shaba kabla ya kampuni yoyote kufika, walijua kusoma vilima hivi. Mawe yake ni makali, yanakata ubavu wa tairi. Shukeni, sukumeni, angalieni maua, teremkeni.

Safari yenyewe iwe hivi. Siku ya kwanza fuateni barabara ya Kasenga. Upande huo kuna hifadhi ya Mikembo. Ni mali ya watu binafsi, haiingiwi bila ruhusa, lakini hata kuona kwa nje miti isiyoguswa na shoka kutawafundisha miombo ilivyokuwa. Ingieni porini mchana, laleni kijijini. Siku ya pili yote ni ya njia za makala. Siku ya tatu mtafute barabara kubwa mapema na kurudi mkiwa bado na miguu. Kilomita hamsini kwa siku porini ni nyingi. Aliyewaambia mia moja alikuwa anaongea juu ya pikipiki.

Ruhusa. Ni kweli, sheria ya misitu ya mwaka 2002, ile nambari 011, inasema misitu ni mali ya Leta. Lakini Leta hailali porini. Anayelala huko ni mfumu, chifu wa kijiji, na watu wake, na tangu amri ya mwaka 2014 kijiji kinaweza kupewa msitu wake wa jumuiya, hadi hekta 50,000, kiusimamie chenyewe. Kwa hiyo mnabeba vitambulisho na barua kutoka shuleni kwenu kwa ajili ya Leta, na mnabeba chumvi, sabuni na salamu kwa ajili ya mfumu. Mkiingia kijijini, shukeni kwenye kinga kabla ya nyumba ya kwanza, tembeeni kwa miguu, ulizeni kwa mfumu kabla ya kuuliza maji. Mtu anayepita kijiji mbio na begi mgongoni anafikiriwa mengi, na yote mabaya.

Njiani mtakuta kamba imevutwa kukatiza njia. Mimi siku moja nilisimamishwa na vijana wawili na kamba ya katani, wakanidai kodi ya mzigo. Kinga yangu ilikuwa tupu kabisa. Wakasema basi nilipe kodi ya kwenda kuchukua mzigo. Nikaomba risiti. Wakapasua pakiti ya sigara, wakaandika ndani yake kiasi na tarehe, wakagonga muhuri wa kidole. Nililipa, maana jua lilikuwa linazama. Nanyi jibuni kwa upole, semeni nyinyi ni wanafunzi, toeni ile barua, na msipige picha mahali pa kamba. Na jambo moja silisemi kwa utani: mkikuta rundo la magogo mekundu ndani, mti wa mukula, msikaribie, msitoe simu, msiulize ni ya nani. Mukula unatafutwa sana kwa ajili ya samani za mbali, na wenye magogo hayo hawapendi mashahidi. Pindeni kona.

*"Fundi, mimi ni mama wa miaka 43, mkaaji wa Kampemba. Binti yangu amenifundisha kinga mwaka huu. Tunataka kwenda naye mahali penye miti, turudi siku hiyo hiyo. Shemeji yangu anasema ni aibu mama kuonekana porini juu ya kinga. Twende wapi, na tule nini?" — Mama wa Kampemba*

Mama, shikamaneni na barabara ya Kipushi. Ni kilomita thelathini, haina milima ya kuua mtu, na ukichoka nusu ya njia kuna gari la kukurudisha na kinga juu. Msitu pembeni yake umekatwa sana, sikudanganyi, ila visiki vya miombo havifi. Mti ukikatwa unachipua tena kutoka kisikini, machipukizi matano sita kwa pamoja, na mahali palipoachwa miaka kumi na kitu leo pana kivuli. Ingieni huko kidogo kwa njia za kando, mle, mpumzike. Msiende mbali sana kwa kufuata kijia chochote, maana mpaka wa Zambia uko pale pale na porini hauna ukuta. Mtu anaweza kutoka nchini akifikiri anatafuta choo.

Siku nyingine, mkiwa na mwenyeji wa kuwaongoza, nendeni kijiji cha Makwacha. Kila kiangazi wanawake wa huko wanapaka upya kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi, maua, watu, wanyama, kila mke na mkono wake. Mvua inafuta, mwaka unaofuata wanaanza tena. Binti atapenda.

Chakula: bukari, yaani ugali, ya jana, iliyokatwa vipande na kufungwa kwenye kitambaa, haiharibiki hadi mchana. Vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, vikavu mfukoni, unatafuna ukiendesha. Sijaona biskuti inayoshinda. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, mkiupata kwa mama wa kijijini kunyweni, lakini ule wa leo, mtamu. Wa siku tatu umekwisha kuwa jambo jingine, na kuna kurudi.

Kitenge kifungwe juu ya suruali, pembe zake zichomekwe kiunoni. Nimewahi kutoa kitenge kwenye mnyororo kwa kisu huku mwenyewe akiwa bado amekivaa, na hatukufurahi sote wawili. Kiti kipandishwe mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini. Wengi mnaendesha kama watu waliokaa kwenye kigoda, halafu mnalalamika magoti. Shemeji wako mwambie nafasi ya kusukuma kwenye mlima bado ipo.

*"Je, kuna simba? Nataka kwenda Kundelungu kwa kinga kuona maporomoko ya Lofoi." — Jasiri wa Kamalondo*

Miaka kumi na mitatu porini, simba sijamwona hata mkia. Nyuki wamenikimbiza mara nne. Moto, mara mbili, na huo ndio wa kuogopa kuanzia mwezi wa nane, kwa sababu kila mtu anachoma majani, mwindaji, mkulima, hata mtoto kwa mchezo. Ukiona moshi unakuja na upepo, usishindane nao mbio. Tafuta mahali palipokwisha kuungua, peusi, uingie hapo na kinga yako, usubiri. Moto hauli mara mbili. Nilitoka pale soli zimelainika na nyusi zimekuwa fupi, lakini nilitoka.

Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, chini ya ICCN, shirika la Leta linalosimamia hifadhi. Huingii kwa kusema "napita tu". Unaomba ruhusa hapa mjini kabla ya kuondoka, na ndani unakwenda na mlinzi. Lofoi inaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Nenda mwanzoni mwa kiangazi, maji bado ni mengi. Kama unatafuta wanyama, pundamilia wa mwisho wa Kongo wako Upemba, hifadhi ya mwaka 1939, na huko sikutumi kwa kinga.

*"Mzee, nikiingia msituni nachukua tubu ngapi za akiba? Na kama zote zimeisha?" — Mwenye kinga mpya*

Mbili. Na viraka, gundi, msasa, pampu, spana ya nati za gurudumu, waya mita mbili. Adui si mwiba, adui ni kisiki. Mtu anayekata mti mdogo kwa panga anaacha kisiki kilichochongoka kama mkuki, usawa wa ukingo wa gurudumu, kimefichwa na majani makavu. Baki ndani ya mfereji wa njia, usikate kona.

Kuziba bila beseni la maji: jaza tubu upepo mwingi kuliko kawaida, ipitishe polepole karibu na mdomo wako wa juu, penye masharubu. Ngozi ya hapo inasikia upepo ambao sikio halisikii. Ukipata tundu, litie alama kwa kipande cha makala, hakikosekani njiani. Sugua kwa msasa mpaka mng'ao uondoke wote, paka gundi nyembamba, na sasa ndipo vijana wote wanapoharibu: wanabandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi. Subiri. Imba wimbo mmoja mzima. Gundi ikishika kidole bila kukifuata, bandika, kanyagia kwa kisigino juu ya jiwe laini.

Zikiisha zote, majani. Kuna duka moja mjini lililoniuzia tubu mbili mpya, na zote mbili zilifunguka kwenye mshono siku moja, mwezi wa kumi, mimi nikiwa mbali na kila kitu. Nilikata majani marefu ya dambo, nikayasokota kamba nene kama mkono wa mtoto, nikayashindilia ndani ya tairi kwa mpini wa spana mpaka mviringo ukakaza, nikafunga na waya kila shubiri mbili. Ukijaza kidogo, tairi linateleza na kutoka. Jaza mpaka ushindwe kabisa kuongeza. Niliendesha hivyo tangu saa nane hadi jua kuzama, kinga ikiruka kama mbuzi, ila rimu ilifika nzima.

*"Fundi, gazeti nimesomewa na mtoto wangu. Umetuandika mara nyingi, sisi wa makala, lakini sisi hatukuulizi. Leo nauliza. Kinga yangu inakata spoki za nyuma, kila juma mbili tatu, na kila mara ni upande mmoja, wa kulia. Nimebadilisha zote, bado. Ni uchawi?" — Mbebaji wa barabara ya Kasenga*

Ndugu yangu, karibu, na umechelewa kuuliza. Si uchawi, ni mkono wako wa kushoto.

Gurudumu la nyuma la kinga yetu nyeusi lina spoki 40, la mbele 32, kwa sababu aliyeitengeneza alijua nyuma ndiko kwenye mtu na mzigo. Ila alifikiria mzigo uliosimama wima. Wewe unasukuma ukiwa upande wa kushoto, sivyo? Umefunga kijiti kwenye kiti, unashika usukani kwa mkono mmoja na kijiti kwa mwingine, na mlimani unailaza kinga kidogo kukuelekea ili usianguke nayo ng'ambo. Mimi nilifanya hivyo miaka tisa. Ikiwa imelala hivyo, uzito haushuki tena kwenye mstari wa gurudumu, unasukuma ekseli kwa ubavu. Kila gurudumu likizunguka, spoki zikifika chini za upande mmoja zinavutwa, za upande wa pili zinalegea. Elfu na elfu kwa siku. Spoki haikatiki kwa nguvu, inakatika kwa kuchoka, pale kwenye kona yake inapoingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Angalia zile zilizokatika kama ulizitunza: zote zimekatikia hapo hapo.

Kwa hiyo kwanza mzigo. Gunia la kushoto na la kulia yapimwe, usiamini macho. Makala yenye unyevu ni mazito kuliko makavu na gunia linaonekana sawa. Pili, ukifika kwenye tambarare, hama upande. Mwanzoni utajisikia kama unaandika kwa mkono usio wako. Tatu, kila asubuhi kabla ya kupakia, inua nyuma, zungusha gurudumu, na upige kila spoki kwa ukucha kama unavyojaribu nyuzi za gitaa. Za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Ukisikia moja imelia "tubu" badala ya "ting", hiyo ndiyo inayofuata kufa, na jirani zake wanabeba deni lake. Ikaze nusu mzunguko, si zaidi, kisha jaribu tena. Nne, usichanganye spoki nene na nyembamba upande mmoja. Najua kijijini unapata unachopata, lakini basi weka nene zote upande mmoja.

Na kama inawezekana, gurudumu ulilete Katuba nilijenge upya kwa mkono wangu, siku yoyote ukishauza mzigo. Spoki utanunua mwenyewe, kazi sitatoza. Wale wanafunzi watano niliowajibu hapo juu watapita kwangu kabla ya safari kutazamiwa breki, nami tangu goti liniume sijaingia msituni misimu mitatu. Ukiwa umekaa pale kwenye benchi unasubiri, utaniambia mwaka huu mnapita wapi.